Vifaa vya pikoboli kwa viwanja vya Dar es Salaam: raba na mipira kwanza, kibao baadaye

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa kikundi chetu kimekuwa kikicheza pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki kwa vibao juu ya wavu, mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa zege wa mpira wa kikapu, Upanga, na katika muda huo nimenunua, nimeazima na nimeharibu vifaa vya kutosha kuniwezesha kuandika tathmini hii. Ninaiandika kwa sababu kila mgeni anayejiunga nasi huuliza swali lilelile, anunue kibao gani, na jibu langu humshangaza kila mara, kwani humwambia asianze na kibao. Katika jiji hili, ambalo sakafu za viwanja vyake ni zege la kukwaruza, jasho halikauki mwilini na upepo wa bahari huanza kuvuma wakati ambapo watu wanatoka kazini, pesa ya kwanza iende kwenye raba, ya pili kwenye mipira, ya tatu kwenye utepe wa mpini, na kitakachobaki ndicho kinunue kibao.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeufahamu, ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, na Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum, waliokuwa na uwanja wa zamani wa mpira wa vinyoya na mpira wa plastiki wenye matundu. Asili hiyo bado inaonekana katika vipimo: uwanja una urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10, sawa na ule wa mpira wa vinyoya wa wachezaji wawili wawili, na wavu una kimo cha sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 ambalo mchezaji haruhusiwi kusimama ndani yake akapiga mpira ambao haujadunda. Eneo hilo linaitwa jikoni, na ndilo linaloamua kifaa gani kinafaa, kwa kuwa pointi nyingi hupatikana kwa mipira mifupi ya taratibu inayovuka wavu kwa nafasi ndogo na kuangukia humo. Anayenunua vifaa kwa kufikiria mikwaju mikali tu atakuwa amenunua kwa ajili ya sehemu ndogo ya mchezo.

Nianze na sakafu, kwa kuwa ndiyo inayogusa kila kitu. Viwanja vilivyojengwa maalumu kwa mchezo huu hupakwa rangi yenye mchanga laini uliochanganywa kwa kipimo, ili mpira udunde sawasawa na mguu ushike bila kunata. Sisi wengi tunachezea zege tupu lililomwagwa kwa ajili ya kikapu, gwaride au maegesho, lenye viraka, nyufa na vijiwe vilivyochomoza baada ya saruji ya juu kulika. Juu yake kuna mchanga mwembamba unaoletwa na upepo na viatu, ambao ukikauka hufanya kazi kama msasa chini ya mpira na kama punje za mtama chini ya kiatu. Baada ya mvua za masika, kona iliyo chini ya kivuli cha mwembe wetu huota utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Kikundi chetu kilinunua fagio mbili ngumu za nje kabla ya kununua wavu, na sijawahi kuona matumizi ya pesa yaliyotufaa zaidi.

Kwa sakafu kama hiyo, raba za kukimbilia ni hatari, na hapa nasema kwa uzito wote. Raba ya kukimbilia imetengenezwa kwa mwendo wa kwenda mbele: soli yake ni nene, laini na imeinuka kisiginoni, na ubavu wake ni kitambaa chepesi. Pikoboli huchezwa kwa hatua fupi za kwenda kando, kusimama ghafla na kurudi nyuma. Mwenzetu mmoja, Mama Salma, alikuja siku ya kwanza na raba nzuri za kukimbilia alizoletewa na mwanawe. Aliponyoosha mguu kuufuata mpira wa pembeni, soli ile nene ilipinduka kando na kifundo cha mguu kikapinduka nayo. Alikaa wiki tano bila kucheza. Kinachotakiwa ni raba ya tenisi, ya mpira wa vinyoya au ya mpira wa wavu, iliyo chini, yenye kisigino bapa, ubavu uliokazwa kwa mpira au ngozi, na soli yenye mistari ya zigizaga. Kwa zege la kukwaruza kama letu, ya tenisi ndiyo bora, kwa kuwa soli yake ni ngumu zaidi. Ile ya vinyoya ina mpira laini uliokusudiwa kwa sakafu ya ukumbi, na hapa kwetu huliwa mapema sana.

Habari njema ni kwamba raba za namna hiyo zinapatikana kwenye mitumba, hasa soko la Karume, kwa mtu mwenye subira ya kupekua. Nilizipata zangu kwa shilingi 35,000. Unapoichagua, usitazame rangi wala jina. Ikunje kwa mikono miwili: inapaswa kujikunja mbele, penye vidole, na kukataa kujikunja katikati. Kisha ishike pua kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine uisokote kama unayekamua nguo. Ikizunguka kirahisi, irudishe. Mwisho, pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono wa gundi kati ya soli na ubavu, kuanzia puani hadi nyuma, kwa sababu raba iliyokaa muda mrefu ghalani huwa na gundi iliyokauka, na soli yake huachana siku ya kwanza ya jua kali.

Hata ikiwa nzima, ipeleke kwa fundi viatu kabla ya kuichezea. Mimi nina mzee mmoja anayekaa na meza yake kando ya barabara karibu na ninapoishi, na mazungumzo yetu ya siku ile yalinifundisha jambo ambalo sikulisoma popote.

"Shikamoo, mzee. Naomba unishonee soli hizi kuzunguka zote."

"Marahaba, mwanangu. Za kutembelea au za mchezo?"

"Za mchezo. Nacheza kwenye zege."

Akaigeuza raba ya kulia, akaweka kidole upande wa ndani, penye kidole kikubwa cha mguu. "Hapa ndipo unapoburuza. Nitapitisha uzi mara mbili, na ninakubandikia kipande cha mpira. Hapa kwingine mara moja inatosha."

Nilimlipa shilingi 7,000 kwa pea, na kipande kile cha mpira wa tairi kimeshabadilishwa mara moja tu tangu wakati huo, ilhali soli yenyewe bado ipo. Raba za mwenzangu aliyenunua mpya dukani kwa bei mara tano ya zangu, na hakuzishonesha, zilitoboka mahali palepale ndani ya miezi minne.

Sasa mipira, ambako kuna mengi ya kusema na ambako watu wengi hukosea bila kujua. Mpira wa pikoboli ni wa plastiki ngumu na una matundu. Kanuni zinaruhusu matundu kati ya 26 na 40, uzito kati ya gramu 22.1 na 26.5, na kipenyo cha kama milimita 73 hadi 75. Ndani ya mipaka hiyo kuna aina mbili. Ya kwanza ni mpira wa ukumbini, wenye matundu 26 makubwa na plastiki laini kidogo, unaotoa sauti ya chini na kukaa kwenye kibao kwa muda zaidi. Ya pili ni mpira wa nje, wenye matundu 40 madogo na plastiki ngumu zaidi, unaopita katika upepo bila kuyumba sana na kuondoka kwenye kibao kwa kasi.

Tulianza na ile ya ukumbini kwa sababu muuzaji aliyetuletea alisema ni rahisi kwa wanaoanza, na kwa maelezo ya vitabuni alikuwa sahihi. Alichosahau ni upepo. Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, hewa ya Dar es Salaam huwa imetulia na mpira wowote unachezeka. Lakini sisi hucheza jioni kuanzia saa kumi na moja, wakati ambapo upepo wa baharini umeshika kasi, hata katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Mpira wa matundu 26 uliopigwa juu kidogo huonekana ukisimama angani, kisha unakwenda kando kama karatasi. Mchezaji mpya huona mkono wake ndio mbaya, huanza kupiga kwa nguvu ili kuushinda upepo, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kubwa kuitoa. Ndiyo maana nasema kwamba anayeanza kucheza nje Dar es Salaam anunue mpira wa matundu 40 tangu siku ya kwanza, hata kama unakwenda kasi kuliko angependa. Kasi utaizoea kwa wiki tatu, lakini mpira unaobadilisha njia hewani hauzoeleki.

Kati ya mipira ya nje tuliyotumia, Franklin X-40 ndiyo iliyotufaa zaidi. Inadunda kwa namna inayotabirika hata kwenye zege letu lenye viraka, na inapochakaa huchakaa taratibu, kwa kulainika na kupoteza umbo, hivyo mtu hupata muda wa kujiandaa. Dura Fast 40, ambayo ni ngumu zaidi na ina kasi zaidi, ina sifa ya kupasuka haraka kwenye nchi za baridi. Hapa hatuna baridi hiyo, na kwa wachezaji wetu wenye uzoefu imekuwa mpira mzuri wa asubuhi. Jioni, hata hivyo, kasi yake juu ya mchanga humchosha anayejifunza. Kuna pia mipira isiyo na jina inayouzwa kwa mafungu ya sita kwa bei ya mmoja, na sina ugomvi nayo kama itatumika kufanyia mazoezi ukutani, lakini kwa mechi inadunda kila mmoja kivyake.

Joto letu lina tabia yake. Plastiki ikipata moto hulainika, na mpira uliolala juani kwenye zege saa nane mchana hudunda tofauti na ule uliotoka mfukoni. Tumejiwekea utaratibu wa kuhifadhi mipira kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kivulini, na kamwe haiachwi ndani ya gari lililofungwa. Kipimo rasmi cha mdundo ni rahisi kukijaribu nyumbani: mpira ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimita 198 juu ya sakafu ngumu ya jiwe unapaswa kupanda hadi kati ya sentimita 76 na 86. Mimi nimechora mistari miwili kwa kalamu kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwangu, na kila mwisho wa mwezi nadondosha mipira yote juu ya vigae. Unaoshindwa kufika mstari wa chini hutolewa kwenye mechi. Kabla ya hapo huushika kati ya vidole viwili na kuuzungusha juu ya kigae kama pia ya watoto. Ulio mzima huzunguka ukiwa umetulia, na uliopinda huanza kutikisika kabla haujapoteza kasi, nawe unasikia kabisa sauti yake ikikatika-katika. Nyufa nazo huanza kati ya tundu na tundu, ndogo kama unywele, na hujitangaza kwa sauti: mpira uliopasuka ukipigwa hulia kama ganda tupu.

Kuhusu rangi, tumejaribu ya manjano, ya machungwa na ya kijani, na kwenye zege la kijivu jioni, giza linapoanza kuingia, ya manjano inayong'aa ndiyo inayoonekana kwa muda mrefu zaidi. Uwanja wenye ukuta wa manjano au krimu utahitaji ya machungwa.

Utepe wa mpini ni kitu kidogo ambacho huamua kama kibao cha bei kubwa kitakuwa na faida yoyote mkononi mwako. Mipini ya vibao vingi hutoka kiwandani ikiwa imefungwa ngozi bandia laini, ambayo katika hewa kavu inashika vizuri, lakini kwa unyevu wa Dar es Salaam, hasa Februari na Machi, inageuka kuwa na utelezi baada ya dakika 15. Mtu ambaye mpini unamteleza huukaba, na kuukaba ndiko kunakoleta maumivu ya kiwiko na kupoteza wepesi wa mipira ya jikoni. Zipo tepe za aina mbili, zinazonata na zile kavu zenye kufyonza, na ninazipendekeza zile kavu, kwa kuwa zinazonata zikishiba jasho huwa kama sabuni. Tepe za tenisi au za vinyoya zinafaa bila tofauti yoyote, na hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo. Fungua utepe wa zamani kabla ya kufunga mpya, kwa sababu kila safu inaongeza unene wa mpini, na mpini uliozidi mkono ni mbaya sawa na uliopungua. Kipimo chake ni hiki: shika mpini kama unavyoushika ukicheza, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja, kikipita kwa kubana kidogo, umepata. Mimi hubadilisha utepe kila baada ya wiki tatu, na wakati wa kiangazi cha kaskazi kila baada ya mbili. Kitambaa cha pamba kiunoni hukamilisha kazi.

Nimefika kwenye kibao, na nitaeleza muundo wake kwanza kwa sababu bila huo maneno ya wauzaji hayaeleweki. Vibao vingi vya sasa vina kiini cha plastiki ya polipropilini kilichopangwa kama sega la nyuki, kikiwa kimebanwa kati ya nyuso mbili nyembamba za nyuzi za kioo au nyuzi za kaboni. Unene wa kiini huwa kati ya milimita 13 na 16. Kiini cha milimita 16 kinaumeza mpira na kuutuliza, hivyo hufaa mipira mifupi. Cha milimita 13 au 14 kinaurudisha kwa kasi zaidi na kinataka mkono uliokomaa. Uso wa nyuzi za kioo huurusha mpira zaidi, na ule wa kaboni ghafi una ukwaruzo unaosaidia kuuzungusha mpira. Uzito haudhibitiwi na kanuni, ila vingi huwa kati ya gramu 205 na 240. Kinachodhibitiwa ni ukubwa: urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 60.96, na urefu peke yake usizidi 43.18.

Wanaoanza wengi hapa hununua seti ya vibao viwili vya mbao. Nilinunua seti kama hiyo kwa shilingi 60,000 pamoja na mipira miwili, na sijutii, kwa kuwa ilitosha kutuambia kama mchezo tunaupenda. Lakini mbao ni nzito, mara nyingi zaidi ya gramu 300, na unyevu wa pwani haukuwa rafiki yake: kufikia mwisho wa masika tabaka za ukingo zilikuwa zimeanza kufumuka, na mmoja wetu mwenye kiwiko kibovu alilazimika kupumzika. Kwa shule inayotaka vibao 20 vya watoto kwa gharama ndogo, mbao bado zina nafasi, mradi vipakwe vanishi kingoni na kuhifadhiwa ndani. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuamua kucheza, aziruke.

Kibao ninachokipendekeza kwa anayeanza, na hata kwa aliyecheza mwaka mzima, ni chenye kiini cha milimita 16, uso wa nyuzi za kioo au kaboni ya kawaida, umbo pana la takriban sentimita 40.6 kwa 20.3, na uzito wa gramu 215 hadi 228. Umbo pana linampa mtu eneo kubwa la kupigia pasipo kosa, na uzito wa kati unahimili upepo bila kuchosha bega. Kilicho chepesi sana, chini ya gramu 205, kinavutia dukani kwa sababu mkono unakisifu papo hapo, lakini mbele ya upepo wa jioni mpira unakisukuma nyuma. Cha kwangu cha aina hii kilinigharimu shilingi 150,000, nikiagiza kupitia msafirishaji wa Kariakoo anayeleta mizigo kutoka Guangzhou, China, na kimemaliza mwaka kikiwa na mikwaruzo ya ukingoni tu.

Cha pili nilichokinunua ndicho kilichonifunza. Nilikuwa nimeanza kujiamini, nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kibao kirefu cha kaboni ghafi, cha milimita 14, kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya kwanza. Wiki sita za mwanzo kilikuwa furaha tupu. Mpira ulizunguka kwa namna ambayo wenzangu waliusindikiza kwa macho. Kisha nikaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba ukwaruzo wa uso ulikuwa unakwisha. Nilipopitisha kidole gumba kuanzia ukingoni hadi katikati nilihisi mpaka kabisa: pembeni paliuma kidole kama ulimi wa paka, na katikati palikuwa laini kama sahani. Kila mpira uliokuwa umebeba mchanga wa zege letu ulikuwa umeusugua uso huo kila nilipoupiga. La pili lilikuwa baya zaidi. Upande mmoja ulianza kurusha mpira mbali kuliko mwingine, na nilipogonga uso kwa kifundo cha kidole, sehemu kubwa ilitoa mlio mkavu wa juu, ilhali duara moja dogo karibu na katikati lilitoa mlio mzito, wa chini, kama tikiti lililoiva kupita kiasi. Uso ulikuwa umeachana na kiini. Muuzaji alijibu ujumbe wangu wa kwanza na hakujibu uliofuata.

Tangu siku hiyo sinunui kibao bila kukigonga kote kwa kifundo, pande zote mbili, na ninamsihi kila mtu afanye hivyo mbele ya muuzaji. Aidha, ninaamini kwamba kaboni ghafi ya bei kubwa si matumizi mazuri kwa anayechezea zege lenye mchanga, hata akiwa hodari, isipokuwa ana uwezo wa kubadilisha kibao kila baada ya miezi michache. Wachezaji wetu wawili wa kiwango cha juu, ambao wote walitoka kwenye tenisi, wameamua vivyo hivyo: wana kibao cha kaboni kwa ajili ya ukumbi na mashindano, na cha kawaida kwa ajili ya Upanga. Baada ya kila mchezo wanafuta uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kuufuta mpira kwenye suruali kabla ya kuanzisha kumekuwa desturi yetu sote.

Asili ya mchezaji nayo ina uzito wake. Aliyetoka tenisi, hasa anayepiga kwa mikono miwili, atafute mpini mrefu wa sentimita 13.5 au 14, naye hatasumbuka na umbo refu. Aliyetoka tenisi ya mezani huwa na kifundo chepesi na hupenda kulaza kidole usoni mwa kibao, hivyo mpini mfupi humfaa, na mara nyingi huwahi kufaidi milimita 14 kuliko wengine. Aliyetoka vinyoya huwa na haraka ya kupiga juu; mpe milimita 16 umtulize. Watoto wa chini ya miaka 12 ndio pekee ambao ningewapa chepesi cha gramu 200.

Alama ya kuidhinishwa na chama cha Marekani, USA Pickleball, huchapishwa kwenye uso wa kibao, na orodha ya vilivyoidhinishwa hupatikana kwenye tovuti yao. Kwa anayecheza kwa afya na urafiki si lazima. Kwa anayetaka kushindana, akague jina na toleo kwenye orodha kabla ya kulipa, kwani alama ni rahisi kuigizwa kuliko kibao.

Wavu ninautaja kwa kifupi. Nyavu za kukunja zenye mabomba membamba hupata kutu haraka kwa chumvi ya hewani na kuangushwa na upepo. Sisi tulimpa fundi wa kuchomelea mabomba mawili ya inchi mbili, akayasimamisha ndani ya tairi kuukuu zilizojazwa zege, akayapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na akaweka ndoano kwenye kimo cha sentimita 91.4. Katikati tuna utepe wa kitambaa unaoivuta neti chini hadi 86.4, na tunaupima kila jioni kwa kijiti kilichokatwa kwa urefu huo. Mwenye uwanja wa tenisi ajue kwamba wavu wake, ambao katikati una sentimita 91.4, uko juu kwa sentimita tano kuliko unavyotakiwa, na tofauti hiyo inatosha kumfundisha mtu kupiga mipira mifupi juu kuliko inavyofaa.

Ikiwa mtu ana shilingi 250,000 na anataka kuanza mwezi huu, ningemgawia hivi: 42,000 kwa raba za mitumba pamoja na fundi, 40,000 kwa mipira ya nje, 18,000 kwa tepe na kitambaa cha jasho, na 150,000 kwa kibao cha milimita 16. Akiwa na nusu ya pesa hiyo, aanze na raba na mipira, aje uwanjani saa kumi na moja, na kibao ataazima kwetu.